Mtoto Mchanga Ana Njaa Mbili

(Mada iliyotolewa Mtongwe, Likoni, mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.), aliyetuleta duniani tukiwa wadhaifu, hatujui kula wala kusema, kisha akatuwekea mapenzi katika vifua vya wazazi wetu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ama baad.  

Huenda ukasema: "Watoto wachanga? Hiyo si mada ya kina mama wa kliniki? Sisi vijana yatuhusu nini, tena ndani ya mwezi huu?" Swali lako ni zuri. Lakini hebu tazama hapo nyumbani kwenu. Kama si mtoto wako, ni wa dada yako, wa mke wa kakako, au wa jirani mnayegawana naye ukuta. Na wewe mwenyewe, inshallah, kesho utaoa au utaolewa. Mtu hajifunzi kuogelea siku mashua inapopinduka. Ndiyo maana tumetaka tuyazungumze mapema.

Kazi yangu ni uuguzi. Watu wengi hudhani kliniki ya watoto ni mizani na sindano. Mama apanga foleni, mtoto avuliwa nguo, apimwa, adungwa, aandikiwa kwenye kijitabu, basi, rudi mwezi ujao. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kazi. Muuguzi aliyefunzwa vizuri humtazama mtoto mara mbili. Kwanza atazama mwili: kilo, urefu, kichwa, ngozi. Kisha atazama moyo na akili: je, mtoto yuwamtazama mamake? Akibebwa hutulia? Akisikia sauti hugeuka? Na mamake je, yuko katika hali gani?

Sababu ni kwamba mtoto mchanga ana njaa mbili. Ana njaa ya tumbo, na hiyo sote twaijua kwa maana hutuamsha usiku. Tena ana njaa ya kuitikiwa: akiita aitikiwe, akitazama atazamwe, akiogopa ashikwe. Njaa ya kwanza ikizidi mtoto hukonda, na kila mtu huona. Njaa ya pili ikizidi, mara nyingi mtoto hunyamaza. Nasi twasema, "Mashallah, mtoto huyu mtulivu, hasumbui watu!" Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

MWILI UNAVYOKUA

Tuanze na njaa ya tumbo. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na uzito kati ya kilo 2.5 na 4, na urefu wa karibu sentimita 50. Siku za mwanzo hupungua kidogo. Usiogope, kwani kufikia wiki ya pili huwa amerudisha uzito wake. Kati ya miezi 4 na 6 uzito huwa umefika mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Akitimiza mwaka huwa mara tatu, na urefu wake umefika karibu sentimita 75. Hakuna wakati mwingine wowote baada ya kuzaliwa ambapo binadamu hukua kwa kasi kama hiyo.

Wako wanaosema, "Hivyo vipimo ni vya Wazungu, watoto wetu ni wadogo kwa asili." Si kweli. Vipimo vinavyotumika kliniki leo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1997 na 2003, walipimwa watoto wapatao 8,500 katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Oman yenyewe ni kule Muscat, ambako wengi wetu hapa Pwani tuna jamaa. Ikaonekana kwamba mtoto akinyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri, urefu wake hukua karibu sawa, awe wa Accra, wa Muscat au wa Oslo. Kwa hivyo mtoto wetu akidumaa tusisingizie asili. Tutafute kilichokosekana.

Na kuna kinachokosekana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Kenya wa chini ya miaka 5, watoto 18 wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Kilifi walikuwa 37. Na hii ni Pwani yenye samaki, nazi, pojo, mchicha na maembe!

Dawa ya kwanza yajulikana. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama matupu. Hapana maji, hapana uji, hapana maji ya sukari. Maziwa yenyewe yana maji ya kutosha hata kwa joto letu hili la Mombasa. Ukitimia mwezi wa 6, aanze chakula laini: uji mzito, viazi au ndizi iliyopondwa, pojo, yai, samaki aliyetolewa miba, parachichi, papai. Huku aendelee kunyonya mpaka miaka 2. Mwaka 2008 na 2009, ni watoto 32 tu katika kila 100 nchini Kenya walionyonya maziwa matupu kwa miezi 6 hiyo. Kufikia 2022 walikuwa 60. Tumepiga hatua, alhamdulillahi, lakini bado watoto 40 katika kila 100 wapewa vitu vingine mapema.

Wewe Muislamu jambo hili si geni kwako. Fungua Surat al-Baqara, aya ya 233. Utakuta Mola wetu ametaja miaka 2 kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha. Na soma mpaka mwisho, usiishie kwa mama! Aya hiyo yamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema. Yakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Yasema kuachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya wawili hao. Kwa hivyo kunyonyesha katika dini yetu ni jambo la nyumba nzima.

NJAA YA PILI

Sasa tuje kwa ile njaa ya pili.

Mwaka 1954 mtaalamu mmoja wa saikolojia, Mary Ainsworth, alifika Uganda na kufanya kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere. Alienda vijiji vya karibu na Kampala, akawa atembelea familia 26, nyumba kwa nyumba, atazama tu jinsi mama na mtoto wanavyoishi. Alichoona alikiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na mpaka leo wauguzi na walimu duniani kote husomeshwa mambo yaliyoanzia kwa kina mama hao wa Buganda.

Aliona nini? Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mamake, aenda kuchezea kitu, kisha ageuka kumtazama mama kama bado yupo. Akimwona, aendelea na safari yake. Akiogopa, arudi mbio mapajani, akitulia atoka tena. Yaani mama ni kama bandari. Chombo hutoka baharini kwa sababu chajua bandari iko. Mtoto ambaye bandari yake haijulikani, leo ipo kesho haipo, huyo ama hung'ang'ania asiachie, ama huacha kabisa kujali.

Aliona na jambo la pili. Kina mama waliokuwa na watoto waliotulia walikuwa ndio wale walioweza kumweleza habari za watoto wao kwa undani: anapenda nini, akilia hivi ataka nini, akilia vile ataka nini. Wanawajua. Na kusaidiwa na bibi, shangazi au dada hakukuwa ndiko kulikomharibu mtoto. Kilichohesabika ni kama yupo mtu anayemjua na kumwitikia.

Mtaalamu mwingine, Erik Erikson, mwaka 1950 aliandika kuwa somo la kwanza la binadamu katika mwaka wake wa kwanza ni kuamini. Mtoto yuwajifunza kama dunia hii ni ya kutegemewa au si ya kutegemewa. Hajifunzi kwa maneno. Ajifunza kwa kulia na kuitikiwa mara elfu moja.

Ukitaka kujua njaa hii yaweza kufanya nini, tazama Romania. Serikali ya Ceaușescu ilipoanguka mwaka 1989, dunia iliona nyumba za serikali zilizojaa maelfu ya watoto. Wengi walikuwa wakilishwa na kubadilishwa nguo, lakini walezi wachache, watoto wengi, hakuna wa kubeba wala wa kusemesha. Watoto walikaa vitandani wakijitikisa wenyewe. Wengi walikuwa wamechelewa kutembea, kusema na kufikiri, na hata miili yao ilikuwa midogo. Baadaye watafiti waliwafuatilia watoto 136 mjini Bucharest. Waliopelekwa kulelewa katika familia walipata nafuu kuliko waliobaki, na hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa hivyo chakula peke yake hakitoshi. Tena mapema ni bora.

MTUME (S.A.W.) NA WATOTO WACHANGA

Haya mambo ya bandari na kuitikiwa sisi twayaona katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa alikuwa akiswalisha, akakusudia kurefusha swala, kisha akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kumhurumia mamake. Hebu fikiri: imamu wa walimwengu, nyuma yake sahaba, na kilio cha mtoto mmoja kikabadilisha swala ya jamaa! Leo mtoto akilia msikitini, sisi twageuka na kumkazia macho mamake.

Alimbeba mjukuu wake Umama katika swala, akisujudu amweka chini, akisimama amchukua. Na alipomwona bwana mmoja, Al-Aqra bin Habis, akijisifu kwamba ana watoto 10 na hajawahi kumbusu hata mmoja, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kuwa asiye na huruma asitarajie huruma.

Sasa wewe kijana unayeona haya kumbeba mtoto wako barabarani usije ukachekwa maskani, jiulize wafuata sunna ya nani.

NGAZI ZA KUKUA

Nakupa hapa ngazi chache, uzikate uzibandike mlangoni. Kila mtoto ana mwendo wake, kwa hivyo usimlinganishe na wa jirani kwa siku na saa. Lakini zikupe mwanga.

Kuzaliwa hadi wiki 8: aona vizuri kitu kilicho karibu, kiasi cha kutoka ziwani mpaka usoni mwa mama. Hutulia akisikia sauti anayoijua. Kati ya wiki 6 na 8 hutoa tabasamu la kukujibu. Mjibu nawe!

Miezi 3 hadi 4: shingo yakaza, acheka kwa sauti, afuata kitu kwa macho, atoa vijisauti kama anayezungumza. Mwache "aseme", kisha umjibu. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza.

Miezi 5 hadi 8: ageuka, akaa, apeleka kila kitu mdomoni. Mchezee kwa kujificha uso na leso kisha kujifunua. Si upuzi huo. Yuwajifunza kuwa mtu asiyeonekana bado yupo.

Miezi 8 hadi 12: atambaa, asimama kwa kushikilia, atamka "baba", "mama". Wakati huu huanza kuogopa wageni na kulia mama akitoka. Watu husema, "Amedeka huyu." Hapana. Ni dalili njema, amekwisha mjua mwenyewe. Usitoroke kwa mlango wa nyuma. Muage, hata kama atalia.

Mwaka 1 hadi 2: atembea. Wako wanaotembea na miezi 9, wako wa miezi 17, wote sawa. Aelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyasema.

Na sasa sikiliza vizuri. Mpeleke hospitali ukiona mojawapo ya haya: hajatabasamu kufikia miezi 3, shingo haijakaza kufikia miezi 4, hajakaa mwenyewe kufikia miezi 9, hatoi vijisauti wala kuashiria kufikia mwaka 1, hajatembea kufikia mwaka 1 na nusu, au alikuwa ajua jambo kisha akaliacha. Usingoje. Hapa hapa Pwani, kule Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha kuangalia ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kikachapishwa mwaka 2008, kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa kwetu amevizoea. Kwa hivyo elimu hii iko karibu nasi.

Na yale ya dharura hayangoji hata kliniki: mtoto amekataa kunyonya, apumua haraka au kifua chabonyea, mwili wachemka, amelegea haamki, utosi umeingia ndani, au apatwa na degedege. Mtoto akipatwa na degedege wazee wetu husema ni nyuni, wakaanza kutafuta fundi. Ndugu yangu, kuomba Mungu ni haki yako na usiache, lakini degedege yaweza kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Huku wasoma dua, mbebe umpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

HALI YETU WENYEWE

Tuseme ukweli sasa. Mama wa Mtongwe atoka alfajiri, mtoto bado amelala. Apanda matatu mpaka Likoni, avuka feri, kisha tena gari mpaka kazini kisiwani au Changamwe. Arudi magharibi amechoka. Mtoto ameachwa na msichana wa kazi wa miaka 15, naye ni mtoto vilevile, au ameachwa na simu yenye katuni. Mwingine amekwenda Saudia au Qatar kutafuta riziki, mtoto wa miezi 7 amebaki na nyanya yake.

Mimi siwalaumu kina mama hawa. Karo, kodi na unga havingoji. Ninachosema ni kwamba njaa ya pili ya mtoto haikusafiri na mama. Imebaki hapo nyumbani, na lazima aweko mtu wa kuishibisha. Basi tufanye nini?

La kwanza, mtoto awe na mtu mmoja maalumu. Kama ni nyanya, awe nyanya. Kama ni khalati, awe khalati. Leo huyu, kesho yule, kesho kutwa jirani, hapo mtoto hana bandari. Na kama mama atasafiri, huyo mlezi aanze kukaa na mtoto wiki kadhaa kabla, mama akiwapo, wazoeane. Mwachie leso ya mamake alalie.

La pili, maziwa yaweza kukamuliwa. Nawa mikono, kamua kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Kwa joto letu, nje ya friji yasizidi saa 4. Kwenye friji yakaa siku nzima. Anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa ambayo kuisafisha ni taabu.

La tatu, jua haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Nanyi mlioajiri watu, hata kama ni dukani tu na mfanyakazi wenu ni mmoja, kumbukeni kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Imepokewa kuwa usiku mmoja alisikia mtoto analia bila kukoma. Alipomuuliza mamake, akaambiwa kuwa mtoto yuwaachishwa ziwa kabla ya wakati, kwa maana Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya. Mama hakujua anazungumza na nani. Umar alilia mpaka swala ya alfajiri, kisha akaamrisha posho itolewe kwa kila mtoto tangu kuzaliwa. Alibadilisha sheria ili kina mama wasilazimike kuchagua baina ya ziwa na riziki.

La nne, simu haiwezi kumjibu mtoto. Katuni huimba, lakini haijui kama mtoto ametabasamu. Msichana wa kazi mfundishe kumsemesha mtoto, na umtendee wema, kwani aliyenyanyaswa jikoni hataweza kumpa mtoto upole sebuleni.

MAMA ANAYENYONYESHA NA SAUMU

Hapa ndipo Ramadhan inapoingia. Dini imempa ruhusa mama mjamzito na mama anayenyonyesha kufungua akihofia nafsi yake au mtoto wake. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa twayafuata, aliyefungua kwa kujihofia yeye atalipa siku zake. Aliyefungua kwa kumhofia mtoto tu atalipa na kutoa fidya, kibaba cha chakula kwa kila siku. Muulize sheikh wako kwa undani.

Kwa upande wa afya, mama mwenye nguvu ambaye mtoto wake ameshaanza kula, mara nyingi aweza kufunga bila taabu, mradi anywe maji mengi kuanzia futari hadi daku, na ale chakula cha maana, si kaimati na sambusa peke yake. Lakini wa mtoto wa chini ya miezi 6 ajiangalie sana. Mtoto anayenyonya vizuri hukojoa si chini ya mara 6 kwa siku. Nepi zikianza kukauka, mtoto akawa mchovu au haongezeki kilo, au mama mwenyewe akapata kizunguzungu na mkojo ukawa mweusi, hiyo ruhusa imewekwa kwa ajili yake. Na wewe mume, wewe wifi, wewe mama mkwe, usimseme vibaya. Aliyekubali rukhsa ya Mola wake hakufanya dhambi.

Jingine ni huzuni ya baada ya uzazi. Mama alia bila sababu, halali hata mtoto akilala, hamtaki mtoto, au ajiona hafai. Twasema, "Ana mashetani" au "Ana imani dhaifu." Huo ni ugonjwa na una matibabu. Zile siku 40 za wazee wetu, mama akandwa, apikiwa, aogeshewa mtoto, zilikuwa ngao kubwa, kwa maana mama hakuachwa peke yake. Tuzirudishe. Lakini hali ikizidi wiki 2 mpelekeni kwa daktari. Na akisema ataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe siku hiyo hiyo.

MAMBO YA KUACHA

Kuna mila nzuri tuzishike, na kuna za kuachwa. Wanja machoni mwa mtoto, mwingi una risasi, ile madini yenye sumu inayodhuru ubongo. Kukata kilimi huleta damu na uchafu kooni. Asali mtoto asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, kwani yaweza kumletea sumu ya kulegeza mwili. Anayefanya tahniki atumie tende iliyolainishwa, kidogo tu, kwa mikono safi. Utosi usikandwe. Wenyewe hufunga, kwa kawaida kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu.

Na chanjo msiziruke: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, miezi 9 na miezi 18. Chanjo ya mwezi wa 18 ndiyo wengi huisahau, kwani mtoto ameshatembea na mama ameshachoka na foleni.

WEWE KIJANA

Nimalize na wewe. Wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika mwezi huu, kuanzia alasiri mama yuko jikoni, mtoto alia, na wewe umelala ukingoja adhana. Inuka umchukue. Nusu saa tu. Mweke kifuani, mtembeze uani, msemeshe, msomee zile sura fupi unazohifadhi. Hajui maana, lakini yuwaijua sauti, na yuwajua kwamba ameitika mtu. Usiku wakati wa tarawehe mwache mamake aende siku moja moja, baki na mtoto wewe. Wewe baba, mpeleke kliniki mwenyewe angalau mara moja, na umuulize muuguzi maswali. Nakuhakikishia tutafurahi kukuona.

Sisi tumefunga, na adhana ya magharibi ikilia tutafuturu. Mtoto mchanga hana saa wala adhana. Yeye akiita ataka kuitikiwa sasa. Sadaka ya futari twashindana kuitoa, na ni jambo jema. Basi na huyu aliye ndani ya nyumba yetu asilale na njaa yake ya pili.

Twamuomba Allah (S.W.T.) azikubali saumu zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, awape nguvu na subira kina mama wanaolea peke yao, awarudishe salama walio mbali, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.